Shabu, Chokaa na Mifupa

Mto Pangani unaoingia baharini pale mjini Pangani umetoka mbali. Kikuletwa hushuka kutoka Meru, Ruvu hutoka upande wa Kilimanjaro, na yote miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto mmoja hushuka kupitia Korogwe hadi Bahari ya Hindi. Njiani hupokea Mkomazi na Luengera, maji ya Pare na Usambara, milima ambayo haikuzaliwa na volkano. Meru ni volkano, na miamba yake huachia floraidi ndani ya maji. Anayekunywa chini ya mto hunywa mchanganyiko. Anayekunywa kule juu hunywa chote kilichomo.

Watu wa Pwani wameijua floraidi kwa meno kabla ya kuijua kwa jina. Mgeni mwenye meno ya kahawia huulizwa kama ametoka Arusha. Madoa hayo huingia utotoni, meno ya ukubwani yanapojengeka, na hayatoki kwa mswaki. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na miguu ya watoto hupinda. Aseniki, sumu iliyowafikia mamilioni ya watu Bangladesh kupitia visima vya pampu, haitoi hata onyo hilo la mapema. Lakini kazi ya kuziondoa sumu hizi mbili ina matatizo ya undugu, na historia ya floraidi kwetu inafundisha kuhusu zote.

Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha maji ya vijijini: floraidi isizidi miligramu 8 kwa lita. Miaka kumi baadaye Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 1.5. Pengo hilo halikutokana na ujinga. Kama serikali ingeshika namba ndogo, ingelazimika kufunga vyanzo vingi vya kaskazini bila kuwa na vingine vya kuwapa watu. Basi kipimo kikakatwa kulingana na maji yaliyopo, na mwili ukaachiwa kubeba tofauti.

Njia nyingine ilikuwa kuyasafisha maji yenyewe. Kazi hiyo ilifanyika Ngurdoto, karibu na Maji ya Chai, katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji. Oktoba 1995 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana hapo katika warsha ya kwanza ya kimataifa kuhusu ugonjwa wa floraidi na namna ya kuiondoa majini. Miongoni mwa mbinu zilizojaribiwa Ngurdoto ilikuwa ile iliyopewa jina la Nalgonda, wilaya ya India. Ilihitaji ndoo mbili, shabu na chokaa.

Vitu hivyo si vigeni Pwani. Chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe ndiyo iliyoshika kuta za msikiti wa kale wa Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Shabu hutuliza maji ya tope: matope huganda, huzama, na maji hubaki meupe juu. Nalgonda ilitumia tabia hiyohiyo. Unatia shabu na chokaa katika ndoo ya kwanza, unakoroga kwa kasi, kisha polepole, unaacha yatulie. Vidonge laini vinavyojikusanya hushika floraidi na kuzama nayo. Maji hutolewa kwa bomba lililo juu kidogo ya kitako, yakachujwa kuingia ndoo ya pili.

Floraidi ilipungua kweli. Lakini maji yalipokuwa na floraidi nyingi, kuishusha hadi 1.5 kulikuwa kugumu, na vipimo vya dawa vilitakiwa vipatane na maji ya kila chanzo. Tena kazi ilikuwa ya kila siku. Aliyebeba ndoo kutoka mtoni, mara nyingi mwanamke au binti, aliongezewa kupima, kukoroga, kusubiri na kutafuta pa kumwaga tope lenye sumu.

Mkaa wa mifupa ulipunguza kazi hiyo. Mifupa ya mifugo huchomwa kwenye joto la nyuzi mia kadhaa, husagwa, na maji hupitishwa humo. Floraidi hung'ang'ania mfupa kama inavyong'ang'ania jino. Ukichomwa kidogo, maji hunuka. Ukichomwa kupita kiasi, nguvu ya kunasa hupungua. Pia likazuka swali la haki kabisa: mifupa ya mnyama gani? Si Mwislamu atakayekunywa maji yaliyopita katika mfupa wa nguruwe, na Mhindu ana neno lake kuhusu ng'ombe. Hilo halijibiwi na maabara.

Gumu zaidi ni kwamba chujio hujaa kimyakimya. Siku mkaa unapokwisha nguvu, maji huendelea kutoka safi machoni, baridi, matamu. Hayabadiliki rangi. Familia huendelea kumnywesha mtoto ikiamini imeokoka. Chujio la aseniki nalo lina hatari hiyohiyo: bila mtu wa kurudi kupima, hugeuka faraja ya uongo.

Utafiti haukukoma. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio lake. Kiwango cha taifa nacho kimeshuka, kwanza hadi 4, kisha 1.5. Namba ya sheria sasa inaulinda mwili. Inayosubiriwa ni ratiba: nani atafika kijijini, siku gani, na kipimo mkononi, kuwaambia wenye chujio kama bado linafanya kazi.