Diski E yenye kufuli: tulikotoka hadi kufika hapa

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi za programu zimenibana. Leo nina kisa kutoka nyumbani Litein, na ndani yake kuna historia kidogo.

Jumapili jioni mpwa wangu alinipigia simu. "Anko, kwenye kompyuta ya kogo kumetokea diski nyingine. Inaitwa E, ina kufuli la manjano na haifunguki. Ni virusi?" Kogo ni nyanya yake, yaani mama yangu. Nilimsikia nyuma akiuliza kama waifomati, maana fundi alisema diski ikisumbua dawa ni hiyo.

Nikawaambia: msiguse kitu!

Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaolima chai. Michango na mikopo yote ilikuwa kwenye laptopu yake, ambayo wiki ile ilimwagikiwa chai (ndiyo, kwetu hata ajali zina majani). Fundi alikuwa ameichukua, akairudisha akisema imekufa. Na msimu wa bonasi ulikaribia, wakati wanachama hulipa mikopo yao. Bila rekodi, nani angejua nani anadaiwa?

Sasa turudi nyuma kidogo.

Hizi herufi ni za kale. Miaka ya 1970 Gary Kildall alitengeneza mfumo wa CP/M, ambao uliziita diski A, B na kuendelea. IBM PC ilipotoka mwaka 1981, DOS ikarithi desturi hiyo. Mwaka 1983 ikaja IBM PC XT ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10, nayo ikaitwa C kwa sababu A na B zilikuwa za flopi. Flopi zimekufa, C ipo hadi leo. Kwa hiyo herufi ni kama kiti tu: anayeingia hukaa palipo wazi. Kwa mama, C ilikuwa ya Windows na D ya kisoma-DVD. Mgeni akapata E.

Na kufuli je? Flopi za inchi 3.5 zilikuwa na kiplastiki kidogo pembeni. Ukikisogeza, diski inasomeka lakini haiandikiki. Kufuli lilikuwa kidoleni mwako. Kisha zikaja modemu za USB za 3G. Mnazikumbuka zile za Huawei? Ukiichomeka, inatokea "CD" ambayo hukuiweka wala huwezi kuifuta. Modemu ilijitambulisha kwanza kama CD iliyobeba programu yake, halafu ikageuka modemu. Hapo kufuli likawa la mtengenezaji.

Mwaka 2007 Windows Vista ikaleta BitLocker, yaani kusimba diski nzima ili asiye na ufunguo aone takataka tupu. Mwanzoni uliiwasha mwenyewe, tena kwenye matoleo ya bei ghali. Tangu Windows 8.1 ya mwaka 2013, mashine zenye vifaa vinavyofaa zilianza kujisimba zenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft. Toleo la 24H2 la Windows 11, mwaka 2024, likalegeza masharti, na kompyuta nyingi zaidi zikaingia. Ufunguo hutunzwa na chipu ya TPM ndani ya mashine, na nakala huwekwa kwenye akaunti.

Si jambo baya. Laptopu ikiibwa kwenye matatu ya Kericho, mwizi hasomi siri zako. Ila sasa unaweza kuwa na kufuli usilojua umelifunga, na ufunguo usiojua uliko.

Tukarudi kwenye E. Nilimwomba mpwa afungue programu ya kusimamia diski anisomee ukubwa wake. "Gigabaiti 238, anko." Diski inayouzwa kama 256 ndivyo Windows huionyesha, na laptopu ya mama ilikuwa na 256! Nikampigia fundi. Akakiri: alitoa diski ya laptopu akaifunga ndani ya kompyuta ya mezani ili mafaili yasomeke, akasahau kusema. Chipu ilibaki kwenye ubao uliolowa chai, ndiyo maana diski ikadai ufunguo.

Akaunti ilifunguliwa na nani? Na dada yangu wa Bomet, aliyemnunulia mama laptopu ile. Aliingia kwenye akaunti yake, akatafuta ufunguo ambao kitambulisho chake kililingana na kile cha kwenye skrini. Tarakimu 48, makundi 8 ya sita sita. Yeye akasoma kwa simu, mpwa akaandika. Walikosea kundi la tano, wakarudia. E ikafunguka, rekodi za chama zote zimo.

Mama akauliza, "Kumbe kufuli lilikuwa letu?"

Lilikuwa letu, mama. Angeifomati, hata ufunguo usingemsaidia.

Sasa tarakimu zile zimeandikwa kwenye daftari, ndani ya kopo la risiti za majani, na nakala ya rekodi iko kwenye flashi kwa mwenyekiti. Nawe ukikuta diski usiyoijua, angalia kwanza ukubwa wake, uliza nani alifungua kompyuta hivi karibuni, kisha tafuta ufunguo kwenye akaunti ya aliyeianzisha mashine. Fomati iwe ya mwisho kabisa.

Haya, tuonane tena.