Hindi Zuri na Hindi Lenye Kuzaa: Historia ya Maonyesho ya Kilimo ya Iowa



Mtu akisafiri kwa gari katikati ya Marekani mwezi wa nane, wakati wa joto na likizo za shule, akafuata barabara kubwa ya namba 80 inayokata jimbo la Iowa, anaona mahindi na soya, mahindi na soya, saa nzima na saa ya pili. Akifika Des Moines, mji mkuu wa jimbo, anakuta magari yamepanga mstari. Ni siku za maonyesho ya kilimo ya jimbo, ile sisi tunaita foire. Yanachukua siku 11, na watu wanaofika wanapita milioni 1. Kuko sanamu ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa siagi, desturi ya tangu 1911. Kuko mashindano ya nguruwe dume, na mshindi anaweza kupita kilo 500. Kuko watoto wa vijijini wenye kuleta ndama waliolea wao wenyewe. Mwamuzi anamzunguka ndama, anamgusa mgongo, kisha anasema mbele ya watu kwa nini huyu ni wa kwanza na yule wa tatu.

Msafiri anakula, anapiga picha, anarudi kwenye gari. Lakini sisi tuliosoma agronomia tunapashwa kubaki hapo kidogo, ju ya fasi ile iko na historia inayotuhusu.

Desturi hii haikuanzia Iowa. Mwaka wa 1807, kule Pittsfield, jimbo la Massachusetts, mtu mmoja jina lake Elkanah Watson alileta kondoo wawili wa aina ya merino kwenye uwanja wa mji, watu wakaja kushangaa manyoya yao. Akaona kama kondoo wawili wanakusanya watu hivi, wanyama wengi watafanya zaidi. Mwaka wa 1810 akapanga maonyesho ya mifugo, na 1811 shirika la kilimo la wilaya ya Berkshire likazaliwa. Maonyesho ya kwanza ya jimbo zima yalifanyika Syracuse, New York, mwaka wa 1841. Iowa, iliyokuwa jimbo tangu 1846 tu, ilifanya ya kwake 1854 katika mji mdogo wa Fairfield. Yalihamahama mpaka yakafika Des Moines 1879, na tangu 1886 yako kwenye uwanja ule ule wa leo.

Angalieni tarehe hizo vizuri. Wizara ya kilimo ya Marekani ilianzishwa 1862, na sheria iliyotoa ardhi kwa ajili ya vyuo vya kilimo ni ya mwaka ule ule. Maana yake maonyesho yalitangulia. Mkulima aliyekaa peke yake na jamaa yake katikati ya mashamba hakuwa na mwagizaji wa kilimo, hakuwa na faculté. Fasi ya kuona dume bora la jirani, jembe jipya au mbegu ya mbali ilikuwa paka pale. Foire njo ilikuwa shule yake.

Sasa, shule iko na mtihani, na mtihani wa pale ulikuwa zawadi. Hapa njo matata yanaanza.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mashindano ya mahindi yalipendwa sana. Mkulima alichagua mahindi 10 kutoka shamba lake lote, akayapanga juu ya meza. Waamuzi walikuwa na karatasi ya alama: hindi liwe na umbo la silinda, mistari ya punje inyooke, ncha na kitako vijae, mahindi yote 10 yafanane sawa vile mapacha. Aina inayoitwa Reid's Yellow Dent, iliyopata zawadi kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka wa 1893, ilienea sana, na sura yake ikawa mfano wa hindi zuri. Profesa P. G. Holden, wa chuo cha kilimo cha Ames, alikuwa mwalimu mkubwa wa elimu hiyo. Alizunguka Iowa kwa treni, akisimama kwenye stesheni kufundisha watu kuchagua mbegu na kujaribu uotaji wake. Alifanya kazi nzuri, tusimdharau.

Lakini kulikuwa kijana mmoja, Henry A. Wallace, aliyezaliwa 1888. Jamaa yake ilikuwa na gazeti la wakulima. Alipokuwa mtoto kule Ames, alitembea porini na George Washington Carver, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, aliyesoma na kufundisha katika chuo kile. Carver alimfundisha kuangalia mimea kwa macho yake mwenyewe. Mwaka wa 1904 Wallace, hajatimiza miaka 16, aliuliza ulizo rahisi: hindi zuri linazaa zaidi? Holden akampa mahindi yaliyokwisha kuamuliwa, ayapande aone. Kijana akapanda punje za kila hindi kwenye mstari wake, akavuna mstari kwa mstari, akapima. Mstari wa juu ulizaa zaidi ya mara mbili ya ule wa chini. Na lile hindi lililosifiwa kwa uzuri kuliko yote lilikuwa kati ya yale yaliyozaa vibaya.

Agronomi wa leo haoni ajabu. Hindi moja likinenepa, inaweza kuwa lilipata mbolea au nafasi zaidi, si kwamba damu yake ni nzuri. Meza inaonyesha mahindi 10. Haionyeshi mimea mingapi ilianguka wala mingapi haikubeba kitu. Karatasi ya alama ilipima sura, na wakulima wakachagua mbegu kwa kufuata sura.

Hasara yake inaonekana kwenye hesabu. Tangu miaka ya 1860 mpaka miaka ya 1930, wastani wa mahindi Marekani ulibaki karibu tani 1,6 kwa hektari. Miaka 70 ya maonyesho na zawadi, mavuno hayakusogea! Mwaka wa 1920, kwa kusukumwa na Wallace, Iowa ilianza mashindano ya aina nyingine: mbegu zinapandwa shambani, zinavunwa, zinapimwa kwa balansi. Mwaka wa 1924 mbegu yake chotara ilipata medali ya zahabu kule. Mwaka wa 1926 alianzisha kampuni ya mbegu. Baadaye akawa waziri wa kilimo, na makamu wa rais tangu 1941 mpaka 1945. Leo wastani wa nchi ile umepita tani 10 kwa hektari. Haikuwa kazi ya mbegu peke yake: mbolea, mashini na kupanda karibu-karibu vilisaidia. Lakini mbegu njo ilifungua mlango.

Ninaandika haya ju ya sisi pia tunaitwa kuwa juri kwenye foire za mbegu na sikukuu za mavuno. Tunajua vile inakuwaka: muhogo mkubwa kuliko yote juu ya meza, makofi, picha na wakubwa. Muhogo ule hauseme kama shina lake liko na mozaiki. Na kwa muhogo tunapanda shina: likiwa na ugonjwa, ugonjwa unaingia katika kila shamba ambamo jirani atapeleka vipande vyake. Zawadi yetu inaweza kueneza ugonjwa mbele ya makofi.

Tusifute maonyesho. Watson alikuwa na haki: watu wanajifunza kwa kuona. Ila kabla ya siku ya meza, tutembee mashambani mwezi mmoja mbele, na dekameta na balansi. Tuangalie majani, tuhesabu mimea iliyosimama, tuvune kipande kidogo tupime. Mama mwenye mihogo ya kawaida lakini shamba safi apate nafasi ya kwanza, na tueleze sababu kwa sauti, sawa vile mwamuzi wa Iowa mbele ya ndama. Jirani zake wataomba mashina kwake.