Rulema ya gurudumu inalia: namna ya kuijua kwenye jipe

Rulema ndiyo inafanya gurudumu lizunguke vizuri. Kwenye Land Cruiser za zamani zenye kuvuka mito na matope, maji yanaingia, grisi inaharibika, rulema inaanza kuunguruma.

Sauti inapanda pamoja na mwendo. Ukikata kona kushoto ikaongezeka, mara nyingi ni rulema ya kulia, juu uzito unahamia huko. Ikibadilika kufuatana na barabara, angalia kwanza pinyo.

Zuia magurudumu mengine na mawe, inua gari na kriki, weka kitegemeo. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Kama linacheza, mwenzako akanyage freni: mchezo ukiisha, ni rulema. Itengenezwe mbele ya safari, ao gurudumu linaweza kuchomoka njiani.