Njia za Msitu wa Kakamega

Ukiitazama ramani ya misafara ya karne ya kumi na tisa, ile iliyoondoka Mombasa na Pangani ikapita Naivasha na Baringo, ikakwea uwanda wa Uasin Gishu na kushuka upande wa pili kuelekea Buganda, utaona kwamba ilipokaribia nchi ambayo leo ni kaunti ya Kakamega njia ilishika upande wa kaskazini, ikapita kwa Wakabras na kutua kwenye boma la Wawanga. Na ule msitu mkubwa wa upande wa kusini, wenye miti ya nasaba moja na ile ya Kongo, ukaachwa kando. Wala haikuwa sadfa. Pagazi mwenye mzigo wa ratili sitini au sabini kichwani hataki njia inayomlazimu kuinama kila hatua; kirangozi hataki mahali ambapo nyuma ya msafara haionekani kutoka mbele; na mwenye mali, aliyekwisha kugharimika kwa shanga, nguo na nyaya za shaba, hutafuta kwanza nafaka, kisha maji, kisha usalama, na katika hayo matatu msitu ulikuwa na maji tu. Zaidi ya hayo, mashariki yake, juu ya magenge yaliyosimama kama ukuta, walikaa Wanandi, ambao hawakuwa na desturi ya kumkaribisha mgeni aliyekuja na bunduki.

Joseph Thomson, Mskoti aliyefika huku mwishoni mwa mwaka 1883 baada ya kuikata nchi ya Wamasai, alishuka kutoka uwandani watu wake wakiwa na njaa, na kwa Wakabras ndiko walikokutana tena na mashamba na chakula cha kununua. Kutoka hapo alikwenda hadi mahali ambapo wafanyabiashara wa pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga, Shiundu, ijapokuwa wakati huo aliyekuwa akitawala ni mwanawe, Mumia, aliyekalia kiti mwaka 1882 na kukaa hai hadi 1949. Waswahili na Waarabu walikwisha kupazoea mahali hapo. Walijenga, walioa, walifundisha watoto Kurani, na ndiyo sababu hadi leo mtu asiyejua tarikhi hii hustaajabu kuusikia mji wa mahali hapo, Mumias, ulio mbali na bahari kiasi hicho, ukiadhiniwa alfajiri sawasawa na Lamu.

Kila aliyekwenda Buganda kwa njia ya mashariki alipitia hapo. Askofu James Hannington alipitia Oktoba 1885, na mwisho wa mwezi huo huo akauawa Busoga. Waliosalimika katika msafara wake walirudi Mumias. Mwaka 1890 alifika Carl Peters, Mjerumani, akakuta Frederick Jackson, mtu wa kampuni ya Waingereza, amekwenda pande za Elgon, naye pasipo haya akazifungua barua zilizomngojea mwenziwe, akajua yaliyokuwa yakitendeka kwa Kabaka Mwanga wa Buganda, akakaza mwendo akamtangulia Jackson huko na kumtilisha Mwanga sahihi mkataba. Nimekuwa nikidhani kwamba kisa hiki peke yake kingetosha kumpa kila mwenye kuweka barua sanduku la kufuli, lakini watawala wa zamani hizo waliona ni ujanja wa kawaida wa siasa.

Mwaka 1895 C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza, aliweka makao ya serikali papo hapo Mumias, na katika miaka hiyo hiyo Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi, alitumwa kuchonga barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Kibwezi hadi mpaka wa Uganda, kupitia Eldama Ravine. Ilikuwa kazi ya gharama na mauti, na Sclater mwenyewe alifariki mwaka 1897. Lakini barabara hiyo ilipokwisha, umri wake ulikuwa umekaribia kwisha pia, maana reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na kuanzia hapo mzigo uliotoka Mombasa ulipakiwa jahazini ziwani bila kuomba idhini ya Mumias. Mji uliokuwa njia panda ya tijara ukabaki pembeni, na mnamo mwaka 1920 hata makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega.

Hapa ndipo waandishi wengi wa tarikhi ya njia za magharibi mwa Kenya hukomea, nami sioni ni haki. Wamekomea hapo kwa sababu njia kuu ilipitwa na watu wenye kalamu, kila mmoja akaandika alipolala na alichokula. Ilhali njia zilizokuwa ndani ya msitu zilikanyagwa na watu ambao hawakuhitaji kumwandikia mtu yeyote kwamba wamepita. Nazo ndizo zilizodumu.

Nani alizikanyaga? Kwanza wanawake wa Isukha na wa Tiriki, nchi za Waluhya zinazopakana na msitu, waliofuata kuni, uyoga, mboga za mwitu na nyasi za kuezekea. Njia ya kuni huitambua upesi ukiwa na jicho: haipandi kilima moja kwa moja bali hukizunguka, kwa kuwa mwenye mzigo kichwani huogopa kuteleza kuliko anavyoogopa umbali, na palipolala gogo kubwa njia haikuliruka, imelizunguka, hata baada ya gogo lenyewe kuoza na kutoweka, hivi kwamba leo mtu hupinda mahali ambapo hapana chochote cha kumpinda. Pili waganga, waliojua mti wa mwiritsa uliko, ambao magome yake ni dawa, na ambao ubavu wake huonyesha makovu ya kila kizazi, la zamani likiwa limevimba na kuziba, la jana likiwa bado lina maji. Tatu wachimba mukombero, ule mzizi wenye harufu tamu na ukali kidogo ulimini, unaotafunwa na wanaume kwa imani wanazozijua wenyewe, na ambao siku hizi hufungwa vifurushi vidogo na kuuzwa stendi ya mabasi ya Kakamega na hata mitaa ya Nairobi. Nne wachonga ngoma, kwa ajili ya isukuti, ngoma ya kuchezwa ya Isukha na Idakho, ambayo haikamiliki pasipo mti wake. Na upande wa Tiriki ziko njia za jando, zinazoelekea vichaka ambavyo si kila mtu huruhusiwa kuvikaribia. Hizo sitazieleza, maana wenyewe hawazielezi.

Palikuwa pia na njia za biashara ndogo. Majembe ya Wasamia, mafundi wa chuma waliosifika kabla ya Mzungu kuja, yalipita mkono kwa mkono kuelekea mashariki, nayo mifugo na nafaka zikirudi upande wa pili, kati ya Waluhya na Wanandi, katika miezi ambayo hawakuwa wakipigana. Mtu husema Wanandi na majirani zao walikuwa maadui. Kweli, lakini adui hununua nafaka pia akiwa na njaa.

Kilichoufungua msitu kwa nguvu ni dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aliipata katika mito ya karibu na Kakamega, na kwa kuwa wakati huo bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka duniani, na nzige wamekula kilichobaki, mamia ya walowezi waliofilisika waliteremka kutoka nyanda za juu na mahema yao, karai zao na matumaini yasiyo kiasi. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo serikali ilikuwa imepitisha sheria ya mwaka 1930 iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele, na ikitwaliwa sehemu kwa haja ya umma watapewa nyingine badala yake, baada ya baraza lao kuulizwa. Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa kwa haraka ya aibu: baraza halikulazimika kuulizwa, wala ardhi haikulazimika kulipwa kwa ardhi, fedha ingetosha. Palikuwa na kelele hata katika Bunge la London, lakini mitaro ilikwisha kuchimbwa. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifanya kazi hadi mwaka 1952, na vijana wa Isukha na Idakho, ambao baba zao walijua ardhi kwa kulima juu yake tu, wakajifunza kushuka chini yake kwa mshahara.

Migodi hutaka mbao za kuegemeza mashimo na kuni za kuchemshia mitambo, na miji hutaka milango na meza. Mwaka 1933 msitu ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi chini ya idara ya misitu. Lakini kuhifadhi, kwa istilahi ya siku hizo, kulikuwa na maana ya kuhesabu miti kabla ya kuiangusha. Viwanda vya kupasua mbao vikaja, na trekta zikafungua njia pana zilizonyooka, zisizojali kilima wala gogo. Miti ya asili ilipokwisha mahali ikapandwa misonobari na mivinje iliyotoka nchi nyingine. Njia nyingi ambazo mgeni wa leo huzipita akiwa na darubini shingoni, akitafuta ndege, ni hizo hizo za magogo, na ukichimba kidogo ukingoni huenda ukakuta kipande cha mnyororo kimeoza.

Badiliko la fikira lilikuja polepole. Mwaka 1967 sehemu mbili, Isecheno na Yala, zilitengwa zisikatwe. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu, ukafanywa hifadhi ya taifa. Hapo ndipo mtu anayetembea kwa ajili ya kutembea tu alipopata nafasi, naye hutaka pa kulala. Katika milima ya Alpi, ambako chama cha wapanda milima cha Uswisi kilijenga kibanda chake cha kwanza mwaka ule ule kilipoasisiwa, yaani 1863, vibanda vya mawe vilifuata njia za kale za wachungaji na za wenye nyumbu; huku kwetu mfano wa karibu ni ile nyumba ya mbao ya Isecheno, iliyosimama juu ya nguzo ukingoni mwa msitu, iliyokuwa ya idara ya misitu, na mabanda ya udongo yaliyoezekwa nyasi kule Buyangu. Si ya fahari. Usiku mgeni husikia mvua ikianza mbali katika majani, dakika kadhaa kabla haijamfikia, na asubuhi huamshwa na mbega, ambao hunguruma kundi baada ya kundi kana kwamba wanaitana orodha.

Waongozi wa Isecheno ni vijana wa vijiji vya jirani, ambao wamejifunza majina ya kitaalamu ya ndege na vipepeo juu ya yale waliyopewa na bibi zao, na sidhani kama kuna mahali pengine Kenya ambapo mtoto wa mkulima atakutajia mti mmoja kwa lugha nne pasipo kufikiri. Njiani hukutana na mama zao wakitoka na kuni, kila mmoja na kibali chake alicholipia, kama mgeni alivyolipia tikiti yake langoni. Mgeni hupisha, maana mwenye mzigo hasimami. Safari inayopendwa kuliko zote ni ile ya kupanda Liranda kabla ya kucha, ili jua litokeapo juu ya magenge ya Nandi mtu awe tayari kileleni na msitu wote uko chini yake. Ubavuni mwa kilima hicho limebaki shimo la wachimba dhahabu, ambalo sasa ni makao ya popo, na waongozi huwaingiza humo wanaotaka, kwa tochi. Nao wakiuliza dhahabu yenyewe ilikwenda wapi huelekezwa Ikolomani na Rosterman, ambako wachimbaji wadogo bado wanashuka mashimoni kwa kamba, na wanawake wakisaga mawe na kuyaosha kwa karai.