Kuchoma Maiti na Majivu ya Marehemu: Kanisa Lafundisha Nini?

Waamini wa Songwe tumezoea kuwazika marehemu wetu ardhini. Lakini Tunduma ni mji wa mpakani, wengi wana ndugu ughaibuni, na kusafirisha maiti ni gharama kubwa. Familia ikiletewa majivu badala ya jeneza, yafaa ijue la kufanya.

Mwaka 1886 Kanisa lilikataza kuchoma maiti, kwa kuwa baadhi ya waliotetea jambo hilo walikusudia kukanusha ufufuko wa wafu. Katazo hilo lililegezwa mwaka 1963. Kanuni ya 1176 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yahimiza kudumisha desturi ya kuzika mwili, wala haikatazi kuuchoma, isipokuwa kwa nia inayopinga mafundisho ya Kikristo. Umaskini wa familia si nia ya namna hiyo.

Hati ya Vatikani Ad resurgendum cum Christo ya mwaka 2016 yaagiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, kama vile makaburini. Hayatawanywi hewani, ardhini wala majini. Hayagawanywi kwa wanafamilia. Hayageuzwi kuwa mapambo. Kuyaweka nyumbani hakuruhusiwi, ila katika hali nzito na ya pekee, kwa idhini ya Askofu. Marehemu akiwa na kaburi linalojulikana, jumuiya yote yaweza kumwombea, naye hasahauliki.

Njia nyingine ni kuyeyusha mwili kwa maji yenye kemikali, kama alivyofanyiwa Askofu Mkuu wa Kianglikana Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2021. Kamati ya Mafundisho ya Maaskofu Katoliki wa Marekani ilieleza mwaka 2023 kwamba njia hiyo haiupi mwili heshima inayostahili, kwani sehemu kubwa ya mabaki huishia katika majitaka.

Kwa upande wa Serikali, vifo vinavyotokea nchini husajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, na maziko huhitaji kibali. Kwa hiyo, majivu yakitoka nje, familia itunze hati ya kifo na cheti cha kuchomwa maiti, kisha imwone Paroko na ofisi ya mtendaji wa mtaa au kijiji kabla ya kupanga siku ya maziko. Majivu nayo yazikwe kwa sala, chini ya msalaba wenye jina la marehemu.