Idhini ya Kujenga Ukambani

Kabla ya karatasi na mihuri kufika Kitui na Makueni, Mkamba aliyeazimia kujenga alitakiwa kwanza awe na ardhi isiyo na nizaa, nayo aliipata ama kwa kurithi ng'undu ya baba yake, ama kwa kufyeka sehemu ya weu, nyika iliyokuwa malisho ya wote. Na shauri lilipozuka, wazee wa nzama ndio waliolikata, baada ya kuwasikiliza mashahidi. Nyumba yenyewe, fito zilizopindwa zikafungwa kwa kamba za magome na kuezekwa nyasi hadi chini, haikuhitaji mkaguzi.

Serikali ya Kiingereza ilikuja na fikira nyingine. Sharia ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 iliyatazama makao kwa jicho la tabibu, ikiuliza habari za hewa, nuru na maji machafu. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ilipofyeka mapori yenye mbung'o huko Makueni, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Machakos, na kuwaalika watu wahamie, iliwawekea masharti ya mifugo na ya matuta, na wengi wakasita. Sioni ajabu, kwani mwaka 1938 Wakamba walikuwa wamenyang'anywa ng'ombe kwa hoja ya kuhifadhi udongo, hata kiongozi wao, Muindi Mbingu, akauongoza umati kwenda Nairobi kumdai Gavana haki yao; na aliyeonja hayo huogopa kila sharti linalogusa ardhi.

Baada ya uhuru zilitolewa kanuni mbili za ujenzi, mwaka 1968, ambazo kila baraza la mtaa liliweza kuzikubali. Ile ya daraja la pili ililegeza masharti ya vifaa, na kwa maoni yangu ndiyo iliyomjali zaidi mtu wa kipato kidogo.

Leo idhini hutolewa na kaunti. Sharia ya taifa ya mwaka 2019 inakataza kujenga bila ruhusa, lakini pia inasema kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa imetolewa, kifungu ambacho kila mwenye kungoja na ramani yake mkononi anastahili kukijua. Makueni imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2015 ina sharia yake ya mchanga, madhali mchanga wa mito ya msimu ndio unaohifadhi maji ambayo watu huyachimbua wakati wa kiangazi, na kila lori linaloupeleka kwenye ujenzi huyapunguza.