Nchi Isiyo na Kimo

Kitabu kuukuu nilichokipata Manyovu, mpakani na Burundi, kinaitwa Flatland. Kilitoka London mwaka 1884. Mwandishi wake, Edwin Abbott, alikuwa mwalimu mkuu.

Msimulizi ni Mraba. Nchi yake ni bapa kama karatasi: ina urefu na upana, haina kimo. Wenye pande nyingi ndio wakubwa, wanawake ni mistari tu. Hiyo ni dhihaka kwa matabaka ya Uingereza ya siku zile. Basi Tufe anapita nchini humo. Mraba anaona duara tu: linatokea, linakua, linanywea, linatoweka! Baadaye anainuliwa, anakiona kimo. Anapouliza habari za kipimo cha nne, Tufe anakasirika. Akirudi kuwahubiria wenzake, anafungwa gerezani.

Novemba mwaka uleule, mabwana wa Ulaya walikutana Berlin kuijadili Afrika, ramani imetundikwa ukutani. Nayo ilikuwa bapa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza alipewa Tanganyika, Mbelgiji akapewa Ruanda-Urundi, na mstari ukapita hapa. Ukipanda milima ya Manyovu huuoni. Unaona migomba pande zote mbili, na Mha na Mrundi wakisalimiana bila mkalimani.